Sura ya Tano: Kwa Nini 3.49 Haiwi 3.5

Saa nne usiku ujumbe wa neno moja unaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa: "Yametoka." Ndani ya dakika chache mfumo wa matokeo wa chuo umezidiwa na ukurasa unazunguka tu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, aliyeketi kwenye ngazi za hosteli, anafanikiwa kuingia saa tano kasoro robo. Hana sapu hata moja. Anashusha ukurasa kwa kidole gumba mpaka mstari wa mwisho: GPA 3.4, daraja la pili la chini. Anafungua kikokotoo cha simu na kupiga hesabu ya masomo yote ya miaka mitatu. Kinampa 3.4888. Anarudia, kinampa ileile. Ndipo anapiga simu nyumbani.

"Umekuwa wa ngapi, mwanangu?" mama anauliza.

"Mama, chuo hawapangi namba."

"Sasa umefaulu au hukufaulu?"

"Nimefaulu, mama. Ila nina 3.49 na wameniandikia 3.4. Hawajanipa 3.5."

"Kwa nini?"

Swali hilo la mama huulizwa kila mwaka, sebuleni, kwenye daladala, na kwenye foleni za ofisi za mitihani. Wanaoulizwa wengi hawana jibu, na baadhi yao wana shahada. Kujibu sawasawa kunahitaji kurudi nyuma hatua kwa hatua, kwa sababu ile 0.1 iliyopotea haikupotea usiku ule.

Alama hugeuka herufi, herufi hugeuka pointi

Sekondari mwanafunzi huona alama zake wazi: 68 ya Historia, 54 ya Hisabati, halafu nafasi yake, wa 7 kati ya 120. Chuo kikuu huanza na alama hizohizo lakini hakikai nazo muda mrefu. Alama hugeuzwa herufi, herufi hugeuzwa pointi, na kuanzia hapo hesabu yote hufanywa kwa pointi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vyuo vingine vingi vya Tanzania, hugeuza hivi kwa shahada ya kwanza:

- 70 hadi 100: A, pointi 5
- 60 hadi 69: B+, pointi 4
- 50 hadi 59: B, pointi 3
- 40 hadi 49: C, pointi 2
- 35 hadi 39: D, pointi 1
- 0 hadi 34: E, pointi 0

A mpaka C ni kufaulu, D na E ni kushindwa. Si kila mahali mizani iko hivi. Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kwa mfano, kufaulu huanzia 50, na ni haki iwe hivyo, maana anayefundishwa pale kesho atashika kisu cha upasuaji.

Itazame tena orodha hiyo. Mwenye 70 na mwenye 98 wamepata kitu kimoja, pointi 5. Aliyejikongoja kutoka 61 hadi 68 hajasogea hata hatua. Lakini kati ya 69 na 70 ipo alama moja tu, nayo hubeba pointi nzima. Kwa hiyo alama hazina thamani sawa: zile zilizo mlangoni mwa herufi inayofuata, yaani 39, 49, 59 na 69, ndizo ghali kuliko zote. Mwanafunzi anayelijua hili tangu mwaka wa kwanza haachi zoezi la alama 2 kwa kuliona dogo.

Alama yenyewe hujengwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni koswaki: testi, mazoezi, kazi za vikundi na uwasilishaji wa darasani, vyote vinavyokusanywa wakati semista inaendelea. Ya pili ni UE, mtihani wa mwisho wa semista. Mgawanyo uliozoeleka ni 40 kwa koswaki na 60 kwa UE. Vyuo kadhaa huongeza sharti kwamba asiyefikisha 16 kati ya zile 40 haruhusiwi kukalia UE ya somo hilo. Huyo anakuwa ameshindwa kabla ya kuiona karatasi ya mtihani, na wapo wanaoligundua hilo siku majina yanapobandikwa.

Somo la krediti 16 halilingani na la krediti 8

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwanafunzi hujumlisha herufi zake, akagawa kwa idadi ya masomo, akapata namba isiyofanana na ya chuo. Kilichomponyoka ni krediti.

Krediti ni kipimo cha uzito wa somo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za mwanafunzi kujifunza. Saa hizo ni pamoja na mhadhara, semina, maabara, maktaba, hata kujisomea chumbani usiku. Somo la krediti 12 basi ni saa 120. Zigawe kwa wiki 15 za semista, ni saa 8 kila wiki kwa somo moja. Mwaka mzima ni krediti 120, semista moja 60, na krediti 60 zinadai saa 40 kwa wiki, sawa kabisa na mwajiriwa wa ofisini. Ratiba ya darasani huonyesha sehemu tu ya saa hizo. Zilizobaki ndizo wanafunzi wanazoziita za kupiga msuli, na anayedhani hazipo hukutana nazo wiki ya mtihani.

Krediti zinaingiaje kwenye GPA? GPA ni wastani wa pointi, lakini wastani unaojali uzito. Mfano mzuri uko sokoni. Mama mwenye genge ananunua kilo 16 za maharage kwa shilingi 2,000 kila kilo, na kilo 8 za aina nyingine kwa shilingi 5,000. Kila kilo imemgharimu wastani wa shilingi ngapi? Mwenye haraka atajumlisha 2,000 na 5,000, agawe kwa 2, aseme 3,500. Mama wa genge hadanganyiki hivyo. Ametoa 32,000 upande mmoja na 40,000 upande wa pili, jumla 72,000 kwa kilo 24. Ni 3,000. Yale ya bei ya chini yamevuta wastani chini kwa sababu kilo zake ni nyingi.

Weka krediti mahali pa kilo na pointi mahali pa bei, hiyo ndiyo GPA.

Sasa chukua wanafunzi wawili wa semista moja wenye masomo matano: moja la krediti 16, matatu ya krediti 12, na moja la krediti 8. Wote wawili wana A moja, B+ moja, B mbili na C moja. Herufi zilezile kabisa. Yule wa kwanza alipata C kwenye somo la krediti 16 na A kwenye lile la 8. Pointi zake ni 32, 48, 36, 36 na 40, jumla 192. Gawa kwa 60, unapata 3.2. Wa pili alipata A kwenye somo zito na C kwenye jepesi: 80, 48, 36, 36 na 16, jumla 216. Gawa kwa 60, ni 3.6. Mmoja yuko daraja la pili la chini, mwenzake la juu, na herufi zao zikibandikwa ukutani hakuna atakayeona tofauti.

Mkia unakatwa

Madaraja ya shahada yako hivi: 4.4 hadi 5.0 ni la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, ambalo wanafunzi huliita "apa", 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, "lowa"; na 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Mgawanyo huu una asili ya Kiingereza. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na ingawa kimekuwa chuo kikuu kinachojitegemea tangu 1970, majina ya madaraja yamebaki.

Angalia jinsi mipaka ilivyoandikwa. Daraja moja linaishia 3.4, linalofuata linaanzia 3.5. Katikati hapana kitu. Namba kama 3.4888 haina chumba, ni lazima isogezwe upande mmoja. Shule ya msingi hufundisha kukadiria: 3.49 kwa nafasi moja ya desimali ni 3.5. Utaratibu wa vyuo vingi vya Tanzania haukadirii. Hubakiza tarakimu moja baada ya nukta na kukata mkia wote unaofuata, uwe 1, uwe 9. Kwa hiyo 3.41 ni 3.4, na 3.4999 nayo ni 3.4.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito: mpaka lazima uwe mahali fulani, na ukianza kumvusha mwenye 3.45, kesho mwenye 3.44 atagonga mlango akiwa na malalamiko yaleyale. Ni kweli. Kinachoumiza ni kwamba kanuni hii, inayoweza kuamua daraja la mtu maisha yake yote, mara nyingi hutajwa kwa mstari mmoja ndani ya kijitabu cha kanuni, na wanafunzi wengi huisikia kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamekatwa.

Rudi kwa mwanafunzi wa kwenye ngazi. Shahada yake ya miaka mitatu ina krediti 360. Amekusanya pointi 1,256. Mpaka wa 3.5 ulikuwa pointi 1,260. Amekosa pointi 4. Miongoni mwa masomo yake lipo moja la krediti 8, la semista ya kwanza ya mwaka wa kwanza, ambalo alipata 59. Lingekuwa 60, B ingekuwa B+, na krediti 8 zingemletea pointi 8 zaidi. Jumla 1,264, GPA 3.5, apa. Alama moja. Na aliipoteza wakati bado anajifunza njia ya kwenda bwaloni.

Hapa kuna imani moja ya mabwenini inayofaa kung'olewa: kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea, kazi inaanza wa pili. Kwenye hesabu hii krediti 8 za mwaka wa kwanza zina uzito uleule wa krediti 8 za mwaka wa tatu. Tofauti ni kwamba za mwaka wa kwanza hupatikana kwa masomo ya utangulizi, ambayo mara nyingi ndiyo mepesi.

Je, kuna ubaya gani mtu akibaki na 3.4? Kwa ajira nyingi, hakuna. Kusoma shahada ya uzamili katika vyuo vingi huwezekana kuanzia 2.7. Lakini matangazo ya kazi ya mkufunzi msaidizi, ngazi ya kwanza ya kufundisha chuo kikuu, yamekuwa yakidai 3.8 kwa shahada ya kwanza, na ufadhili kadha wa kadha wa masomo huanzia daraja la pili la juu. Mwenye 3.4 hufungiwa nje ya mlango wenyewe, bila kupata nafasi ya kujieleza.

*Kwa ufupi mpaka hapa: alama huwa herufi, herufi huwa pointi, pointi huzidishwa kwa krediti, jumla hugawanywa kwa krediti zote, na jibu hukatwa mkia kwenye desimali ya kwanza.*

Sapu, keri na disko

Maneno haya matatu hutajwa kwa sauti ya chini, na yanatofautiana sana.

Sapu ni mtihani wa marudio kwa aliyeshindwa somo. Hufanyika kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, wakati wenzake wako likizo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kikomo chake: aliyefaulu kwa sapu huandikiwa C, hata akipata 78. Somo la krediti 12 lililompa A mwenzake humletea mwenzake pointi 60. Kwake yeye ni 24, hata kama siku ya sapu aliandika vizuri kuliko wote. Kikomo hicho kinalinda haki ya waliofaulu mara ya kwanza, hilo halina ubishi.

Keri ni kubeba somo. Aliyeshindwa na sapu, lakini wastani wake ukiwa bado unamruhusu kuendelea, huingia mwaka unaofuata akiwa na deni hilo mgongoni, na hulirudia litakapofundishwa tena. Tatizo la keri ni ratiba. Somo la mwaka wa kwanza hufundishwa saa ileile la mwaka wa pili linapofundishwa kwenye ukumbi mwingine, na mwanafunzi mmoja hawezi kuwa kumbi mbili.

Kudisko ni kuondolewa masomoni. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanafunzi ambaye wastani wake wa mwaka uko chini ya 1.8 kabla ya sapu huondolewa bila kupewa sapu, mwenye 1.8 na kuendelea hupewa nafasi hiyo, na baada yake hutakiwa awe amefikisha 2.0 ili asonge mbele. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa masomo mawili anaweza kubaki, na mwingine aliyeshindwa mawili vilevile akaondoka, kwa sababu masomo mengine ya huyo wa pili yalikuwa C tupu na hayakuweza kumwinua. C nyingi hazionekani hatari. Lakini GPA ya C tupu ni 2.0 kamili, na E moja tu inatosha kuishusha.

Disko hufuatwa na simu nyingine ngumu, ya mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, hutegemea matokeo yanayopelekwa na chuo. Asiyesonga mbele, bumu lake, ile fedha ya chakula na malazi, hukwama.

Aliyeugua siku ya UE

Inafaa kukaa hapa kidogo, maana katika eneo hili watu huumia bila sababu.

Mwanafunzi anaamka na malaria asubuhi ya mtihani. Ana njia mbili mbele yake. Njia ya kwanza, ambayo wengi huichukua kwa ushujaa, ni kumeza dawa na kuingia ukumbini. Anaandika maswali mawili kati ya manne, kichwa kinamgonga, anatoka. Matokeo yakija ana 33. Anapeleka cheti cha daktari ofisini, anaambiwa amechelewa: alikalia mtihani, na aliyeukalia huchukuliwa kwamba aliweza. Anapewa sapu, yenye kikomo cha C.

Njia ya pili ni kwenda kituo cha afya cha chuo asubuhi ileile, kupata uthibitisho, na kuomba kwa maandishi kuahirisha mtihani kabla haujafanyika. Akikubaliwa hupewa mtihani maalumu, na mara nyingi hufanywa siku zilezile za sapu, pengine ukumbi uleule na karatasi ileile. Lakini mtihani maalumu huhesabiwa kama mtihani wa kwanza. Akipata 78 huandikiwa A.

Ugonjwa ni uleule na swali la mtihani linaweza kuwa lilelile. Kwa somo la krediti 12, barua moja imetenganisha pointi 24 na 60. Hapa kikomo cha sapu kinakuwa kikali mno kwa asiyeijua kanuni, na chuo kinachotaka haki kingetangaza utaratibu huu kwenye kila ubao wiki moja kabla ya UE.

Kuna njia ya tatu, mbaya kuliko zote: kubaki kitandani na kutosema lolote. Kutofika kwenye mtihani bila ruhusa huhesabiwa utoro, na adhabu yake yaweza kuwa kufutiwa masomo. Mwenye matatizo makubwa zaidi, kama msiba, uzazi au ugonjwa wa muda mrefu, anaweza kuomba kuahirisha semista au mwaka mzima, kisha akarudi alipoishia. Ombi hilo nalo huandikwa kabla ya kuondoka. Anayepanda basi kwenda Kigoma kuuguza mzazi bila kuacha barua, kwenye kumbukumbu za chuo ametoroka.

Kudahiliwa si kusajiliwa

Namba humfuata mwanafunzi hata kabla hajafika chuoni. Anayemaliza Kidato cha Sita huhitaji angalau ufaulu wa prinsipo mbili, yaani masomo mawili aliyopata kati ya A na E, wenye jumla ya pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha, C na E zinatosha, D na E hazitoshi. Sabsidiari, herufi S, si prinsipo. Mwenye stashahada huanzia GPA ya 3.0. Asiye na sifa hizo anaweza kupitia mwaka wa maandalizi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako nako hutakiwa GPA ya 3.0 kabla ya kuomba shahada.

Pointi 4 ni kiwango cha chini cha kuruhusiwa kuomba. Haziahidi nafasi. Udaktari wa binadamu hudai prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia, na waombaji wakizidi viti, wenye pointi nyingi hutangulia. Ndiyo maana kijana mwenye "sifa zote" hukosa, na jirani yake hudhani kuna mkono wa mtu.

Kuanzia 2010 waombaji walipitia mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 huomba moja kwa moja kwenye chuo, na wanaweza kuomba vyuo kadhaa. Matunda yake ni kuchaguliwa mara mbili au tatu, na mtego wake ni uthibitisho. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri kwenye simu na kutakiwa kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliowekwa. Asipothibitisha, nafasi zote zinaweza kumponyoka. Kuna vijana waliojaziwa fomu na vishoka wa kwenye vibanda vya intaneti, kwa namba za simu za vishoka hao. Namba ya siri ikitumwa inaingia kwenye simu ya mtu mwingine, na mwenye nafasi hana habari.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni namba ya mtihani wa Kidato cha Nne. Ndiyo inayomtambulisha mwombaji kwa chuo na kwa Bodi ya Mikopo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Akitumia moja kuomba chuo na nyingine kuomba mkopo, kompyuta huona watu wawili: mmoja mwenye chuo asiye na mkopo, mwingine mwenye mkopo asiye na chuo.

Hata aliyethibitisha bado si mwanafunzi. Amedahiliwa, maana yake chuo kimekubali aje. Kusajiliwa ni hatua nyingine: kufika na vyeti halisi, kulipa au kuonyesha nani atalipa, na kuingizwa kwenye orodha ndani ya siku zilizotangazwa. Kisha inakuja hatua ya tatu ambayo mwaka wa kwanza husahaulika kuliko zote, ya kusajili masomo. Mwanafunzi huingia kwenye mfumo wa chuo na kuteua masomo ya semista, yale ya lazima na yale ya hiari, mpaka krediti zitimie. Aliyehudhuria somo la hiari semista nzima, akafanya testi zote, lakini hakulisajili, hana mahali pa kuandikiwa alama. Kwa mfumo, hakuwepo.

3.5 ya Dar es Salaam na 3.5 ya Kampala

Mwenye kutaka kuendelea na masomo nje ya nchi anapaswa kujua kwamba mizani haifanani hata kwa majirani. Makerere nako huhesabu kwa pointi 5, lakini A huanzia alama 80, kufaulu huanzia 50, na daraja la pili la juu huanzia 3.60. Mwenye 3.5 aliye "apa" Dar es Salaam, kwa mizani ya Kampala angekuwa la pili la chini. Kenya, vyuo vingi hupanga daraja kwa wastani wa alama: 70 na kuendelea ni la kwanza, 60 hadi 69 la pili la juu, 50 hadi 59 la pili la chini, 40 hadi 49 pasi. Marekani GPA kwa kawaida ni kati ya 4. Anayeandika "GPA 3.5" peke yake kwenye ombi la kwenda huko anaweza kusomwa kuwa bora kuliko alivyo, kisha akaonekana mwongo transkripti, ile hati ya matokeo yote, ikifika. Huandikwa "3.5 kati ya 5".

Safari ya karatasi

Kitabu cha majibu hakina jina, kina namba ya mtahiniwa. Mhadhiri husahihisha, alama huunganishwa na koswaki, kisha hupita kwenye kikao cha idara. Mtahini wa nje, mhadhiri anayetoka chuo kingine, hupitia sampuli za karatasi kuona kama usahihishaji ulikuwa wa haki. Baada ya hapo ni kikao cha kitivo au shule kuu, na mwisho Seneti, chombo cha juu cha taaluma. Yanayoonekana kwenye simu kabla ya Seneti kukaa ni matokeo ya awali, nayo yanaweza kubadilika.

Rufaa ipo, na ni ya aina mbili. Moja ni kuomba majumlisho yahakikiwe: je, swali la tatu lilihesabiwa? Nyingine ni kuomba karatasi isahihishwe upya. Zote zina muda maalumu tangu matokeo kutangazwa, na mara nyingi zina ada. Koswaki ina dirisha lake, fupi zaidi. Orodha yake hubandikwa kabla ya UE ili kila mmoja akague alama zake na kudai zilizokosekana. UE ikishapita, dirisha limefungwa.

Mwanafunzi wa kwenye ngazi hakulala usiku ule. Alifungua matokeo ya semista yake ya kwanza na kulitafuta lile somo la krediti 8. Koswaki 21, UE 38, jumla 59. Asubuhi alivuta begi lililokuwa chini ya kitanda na kutoa faili la mwaka wa kwanza. Testi ya kwanza ilikuwemo, na mazoezi yote. Testi ya pili ilikuwemo pia, imekunjwa mara mbili, na juu yake kwa wino mwekundu imeandikwa 9 kati ya 15. Akaitafuta kwenye simu picha ya ile orodha ya koswaki, aliyoipiga mlangoni mwa idara wiki mbili kabla ya UE na kuihifadhi bila kuisoma. Aliikuza mpaka akaiona namba yake. Kwenye safu ya testi ya pili palikuwa na kistari.